Annie John au A Small Place: uanze na kipi ukitaka kuijua Antigua

Ukimtajia mtu Karibi kichwani kwake inakuja Jamaika, reggae na Usain Bolt, basi, stori imeisha. Kumbe kule kuna visiwa vidogo vidogo kibao, na kimoja wapo ni Antigua, ambayo pamoja na mwenzake Barbuda wanafanya nchi moja yenye watu kama laki moja hivi. Antigua yenyewe ina kilomita za mraba kama 280 tu, hata kisiwa chetu cha Mafia ni kikubwa kuliko hapo. Na kanchi haka ndiko kalikomtoa Jamaica Kincaid, ambaye jina lake ni Jamaica lakini sio Mjamaika, tusichanganye mafaili. Alizaliwa St. John's mwaka 1949 akaitwa Elaine Potter Richardson, akatumwa Marekani akiwa bado binti mdogo kwenda kufanya kazi ya yaya, na hilo jina la Jamaica Kincaid alijipa mwenyewe mwaka 1973 alipoanza kuandika New York.

Sasa mtu akitaka kumsoma huwa anakwama kwenye vitabu viwili. Kuna Annie John, riwaya ya mwaka 1985 ya binti aitwaye Annie, na kuna A Small Place cha mwaka 1988 ambacho sio riwaya kabisa, ni insha moja ndefu ya mtu aliyekasirika na hana mpango wa kukuficha. Kwenye orodha nyingi za onlaini utakuta wanakusukumia A Small Place kwa sababu ni kifupi na kinatajwa sana vyuoni. Mi naona wanakosea, kwa msomaji wa kawaida anza na Annie John, ila kuna kundi moja la watu ambao ningewaambia kinyume kabisa na wengi wao wako hukuhuku kwetu pwani.

Urefu na Kiingereza chake

A Small Place ni kijitabu cha kurasa themanini na kitu, ukipanda nacho basi Dar unaweza ukashuka Morogoro umeshakimaliza. Annie John ina sura nane na haifiki kurasa 160 kwenye matoleo mengi, kwa hiyo navyo vyote viwili sio vya kutisha. Lakini ufupi wa A Small Place unadanganya bana. Sentensi zake zinaenda zinaenda, anafungua mabano, ndani ya mabano anakumbuka jambo jingine analifuata huko huko, anarudi, unajikuta umesoma nusu ukurasa bila kukutana na nukta, na ukiwa umezoea Kiingereza cha ofisini utachoka haraka. Annie John imeandikwa kwa Kiingereza chepesi sana, mwanafunzi wa kidato cha tatu anaenda nayo vizuri, ugumu wake uko kwenye yale yanayoendelea kati ya watu na sio kwenye maneno.

Jikoni

Hapa Annie John inashinda mbali mno na ndo sababu yangu kubwa ya kuiweka mbele. Kitabu kizima kinanukia chakula, unajua siku hii wamekula nini, samaki kanunuliwa kwa mvuvi gani, mama kapika vipi, baba akirudi kazini (ni fundi seremala) anakaa wapi mezani. Kuna pale Annie amerudi nyumbani ana njaa na hasira, anaulizia chakula akitegemea kisiwe shelisheli maana shelisheli hapendi hata kuliona. Mama anamwambia leo nimepika mchele mpya umetoka Ubelgiji. Anakula, anahisi kuna kitu hapa, anauliza tena, mwisho mama anakiri kuwa lilikuwa shelisheli kalichakachua lifanane na wali, halafu anacheka, na mtoto anamwona mama yake na meno yale kageuka mamba. Yaani mtu yeyote aliyelelewa na mama mwenye akili ya kulisha mtoto asichotaka ataielewa hiyo siku bila kufafanuliwa.

Na ukitaka kuelewa wanakula nini kwa ujumla, chakula chao cha taifa ni fungee na pepperpot. Fungee ni unga wa mahindi unaosongwa na maji yaliyochemshiwa bamia, unasongwa kwa mwiko mpaka ushikane halafu unaviringishwa kwenye bakuli ukae duara, kwa hiyo ndugu yangu ni ugali wenye bamia ndani, na pepperpot ni mchuzi mzito wa majani kama mchicha, bilinganya, bamia, kunde na nyama ya chumvi. Halafu kuna ducana, viazi vitamu vinakunwa na nazi na sukari, vinafungwa kwenye jani vinachemshwa, na inaliwa na samaki wa chumvi, hasa Ijumaa Kuu. Watu wa pwani hapo hata hawahitaji picha.

A Small Place nayo ina chakula ila kwa mlango mwingine. Anamwambia mtalii, wewe uko hotelini unajisifia unakula vya hapa kisiwani vimetoka shambani leo, kumbe vingi vimeshuka na ndege kutoka Miami, na pengine kabla ya kufika Miami vilinunuliwa kwa bei ya kutupa kwenye kisiwa kama hikihiki. Hiyo aya moja tu inakufundisha uchumi wa visiwa kuliko ripoti nyingi nilizowahi kulazimika kusoma. Lakini jikoni kwa mtu hakuingizi.

Shule, Malkia na Columbus

Antigua ilishikwa na Waingereza tangu 1632 na uhuru umekuja tarehe 1 Novemba 1981, juzi tu hapo, Tanganyika ilikuwa inakaribia miaka ishirini ya uhuru. Annie John inachezea miaka ya hamsini, ukoloni bado uko kamili, vitukuu vya watumwa wanafundishwa historia na walimu waliotumwa kutoka Uingereza. Kuna sura ambayo Annie kwenye kitabu chake cha historia anakuta picha ya Columbus kafungwa minyororo chini ya meli anarudishwa Hispania. Anafurahi sana. Nyumbani alishamsikia mama yake akimcheka babu yake Annie, mzee mkali wa kule Dominica ambaye sasa miguu imegoma, akisema yule bwana mkubwa sasa hawezi tena kuinuka tu akaondoka zake. Basi Annie anachukua kalamu anaandika maneno hayohayo chini ya picha ya Columbus kwa mwandiko mzuri kabisa. Mwalimu akaona. Akavuliwa uprifekti na akapewa adhabu ya kunakili vitabu viwili vya mwanzo vya Paradise Lost ya John Milton, yaani adhabu ya kumtukana mkoloni ni kuandika mashairi ya mkoloni mpaka mkono uume. Na siku aliyotoka kwenye hiyo kesi ndiyo siku aliyokuta shelisheli la Ubelgiji nyumbani, anapigwa kotekote.

Ona hapo hajakuhutubia popote. Hakuna ukurasa anasema ukoloni ni mbaya, anakupa binti na kalamu tu, unajaza mwenyewe.

A Small Place inakwambia waziwazi. Mitaa ya St. John's ina majina ya manahodha na maadmiri wa Kiingereza, kina Nelson, Rodney, Drake, na yeye anawaita wahalifu wa baharini bila kupepesa. Halafu kuna stori ya maktaba, ambayo kwangu ndo moyo wa kitabu. Tetemeko la ardhi la Oktoba 1974 liliharibu jengo zuri la maktaba ya mji, wakatundika kibao kwamba matengenezo yanasubiriwa, na miaka inapita, uhuru unapatikana, yeye anarudi baada ya kukaa nje miaka kama ishirini anakuta kibao bado kipo na vitabu vimerundikwa kwenye jengo bovu juu ya duka. Anaenda kuuliza, anaulizia kwa matajiri wa klabu ya wazungu, kila mtu ana sababu yake. Maktaba mpya ilikuja kufunguliwa 2014, miaka arobaini baada ya tetemeko. Mtu aliyewahi kusubiria daraja au zahanati yenye jiwe la msingi la kiongozi aliyeshafariki atasoma kurasa zile huku anatikisa kichwa.

Mama

Kama unasoma kwa ajili ya watu na sio hoja, usihangaike na A Small Place, mama mtu humo ni kivuli tu. Annie John yote ni mama na binti. Mwanzoni wako kama kitu kimoja, nguo zao zinakatwa kwenye kitambaa kimoja, wanaoga pamoja, na hiyo ya kuoga sio ya usafi tu, baba alikuwa na wanawake wengine kabla ya kuoa na alizaa nao, kwa hiyo mama akihofia ubaya wao anaenda kwa mwanamke wa obeah, mganga wao wa kule, anapewa majani na magome, wanajifungia chumbani na mshumaa wanaoga maji ya dawa. Na wakati huohuo ni watu wa kanisani, Jumapili wanavaa wanaenda. Hakuna anayeona ajabu, na mwandishi haelezi kama anamwelezea mgeni, ndo ninachompendea hapo.

Halafu binti anaanza kukua, wako dukani wanachagua kitambaa, mama anamwambia kuanzia sasa utakuwa na nguo zako, huwezi maisha yote kutembea kama mimi mdogo. Hapo ndo vita vinaanza rasmi. Annie anajifunza kuiba, kudanganya, kucheza gololi ambazo mama kakataza, anaficha mzigo mzima wa gololi chini ya nyumba. Mama anazitafuta wee hazioni, mwisho anabadilisha mbinu, anamsimulia stori ya utotoni kwake, siku alibeba mkungu wa ndizi mbichi kichwani umbali mrefu kumbe ndani kuna nyoka mkubwa kajiviringisha. Binti anamwonea huruma mama yake mpaka yuko karibu kuzitoa gololi mwenyewe, halafu mama kwa sauti tamu anauliza ziko wapi, na ile sauti tu inamrudisha akilini. Hao wawili wanajuana vibaya sana.

Sura ya ugonjwa, ambapo mvua inanyesha miezi na Annie kalala kitandani hajulikani anaumwa nini, wengine inawachosha, na mi sikatai kwamba pale kitabu kinapunguza mwendo. Dawa za daktari na za mganga zinapangwa pamoja rafu moja, kisha anatokea bibi kutoka Dominica siku ambayo meli haina safari, kafikaje hakuna anayeuliza. Vumilia tu hiyo sura maana ile inayofuata, ya kutembea kwenda gatini kupanda meli aende Uingereza akasomee unesi, bila ile ya mvua haikupigi vizuri.

Jambo dogo la pembeni: Annie kitabuni ni mtoto wa pekee, Kincaid mwenyewe alikuwa na wadogo zake wa kiume watatu. Wanaosema riwaya hii ni maisha yake moja kwa moja waende taratibu.

Wale ambao ningewaambia waanze na A Small Place

Kama unafanya kazi ya utalii, iwe Nungwi, Paje, Diani, Watamu, mwongoza watalii, mhudumu wa hoteli, dereva wa teksi wa eapoti, au umesomea hiyo kitu chuoni, basi acha Annie John kwanza. Kitabu kile kinaanza kwa kumwita msomaji "wewe" na huyo wewe ni mtalii anayeshuka uwanja wa ndege. Anakufuata hatua kwa hatua, forodha wanakupitisha haraka wakati wenyeji wanapekuliwa, unapanda teksi ya Kijapani mpya kabisa ambayo inakohoa kwa sababu imewekewa petroli isiyoendana nayo, unashangaa mbona magari mapya na nyumba mbovu, yeye anakueleza mikopo ya magari inapatikana kirahisi kuliko ya nyumba na wenye kampuni za magari wana watu wao serikalini. Unafika hotelini unatazama bahari, bluu ya ajabu, anakukumbusha Antigua haina mfumo wa maana wa majitaka kwa hiyo fikiria mwenyewe yanapoishia. Baada ya hapo anasema jambo ambalo mtu wa pwani analijua ila hajawahi kuliona limechapwa, kwamba mwenyeji wa kila mahali angependa naye awe mtalii, apumzike na maisha yake, ila wenyeji wengi wa dunia ni masikini mno hata kuondoka hawawezi, na ndo maana wakikuona wewe wanaona wivu.

Tatizo lake? Mwandishi aliondoka kijana, akarudi na hasira na tiketi ya kuondoka tena. Anawapiga Waingereza, anapiga serikali ya kina Bird, familia iliyoitawala Antigua, sawa, lakini anawapiga pia wananchi wa kawaida, kwamba hawajali, wanapenda kulalamika tu, na hapo baadhi ya Waantigua walikasirika na mi naona walikuwa na haki yao. Mtu aliyebaki kisiwani akihangaika kufundisha watoto kusoma angeandika tofauti. Pamoja na hayo usiache kurasa chache za mwisho ambazo wengi wanapita juu juu, ambapo anauelezea uzuri wa kisiwa kama kitu kisicho cha kweli, kama mapazia ya jukwaa, na jinsi watu wanavyofungiwa ndani ya uzuri huo.

Na kama kusoma kunakushinda kuna filamu ya makala ya Life and Debt ya 2001, maneno yake mengi yametoka humo ingawa picha zimehamishiwa Jamaika na madeni ya huko.

Usivyovipata kwenye chochote kati ya hivi viwili

Kriketi, kwanza. Antigua bila kriketi ni stori nusu. Kakisiwa haka kalitoa Andy Roberts na Viv Richards, na Richards mwaka 1986 palepale St. John's aliwapiga Waingereza mikimbio 100 kwa mipira 56. Uwanja uleule Brian Lara wa Trinidad aliweka rekodi ya dunia ya mikimbio 375 mwaka 1994 na akaja kuweka nyingine ya 400 mwaka 2004. Karnivali yao nayo, inayokwenda na kumbukumbu ya tarehe 1 Agosti 1834 watumwa walipoachiwa huru, huipati ikichezwa.

Halafu kuna warri. Huu mchezo ni wa ukoo mmoja na bao letu, ulivuka na watumwa kutoka Afrika Magharibi, ubao una mashimo kumi na mbili, sita huku sita kule, na kete 48, sio mashimo 32 na kete 64 kama bao la Kiswahili. Ila kete zao ni mbegu za mti uleule, komwe, zile za kijivu zinazong'aa. Wazee wanakaa barazani wanapigiana kelele kama Lamu tu. Kincaid hayuko huko, dunia yake ni ya wanawake na watoto wa kike, wanaume wanapita.

Barbuda ndo kabisa, haisikiki. Kisiwa ambacho ardhi ilikuwa ya wote, haiuzwi, na ambacho kimbunga Irma cha Septemba 2017 kilikifanya kihamishwe watu wote kupelekwa Antigua, utakitafuta kwingine.

Kwa hiyo kama unataka Antigua ya leo, ya vijana, ya mtu aliyebaki nyumbani, kuna Joanne C. Hillhouse. Yeye ndiye aliyeanzisha Wadadli Pen mwaka 2004, programu ya kuwainua waandishi vijana, Wadadli likiwa jina la mtaani la Antigua. Kitabu chake cha Musical Youth kina binti mpiga gitaa na kijana wa hip hop, muziki, mapenzi ya kwanza na ile kero ya nani mweupe nani mweusi zaidi, ambayo mtaani kwetu kwenye mambo ya mkorogo tunaijua. Ukiwa na mdogo wako wa miaka kumi na tano mpe hicho, hivyo vya Kincaid atakuja navyo baadaye.

Na wewe ambaye bado huna uhakika hata kama utampenda Kincaid, usinunue chochote. Tafuta kwanza hadithi yake fupi ya Girl, ilitoka kwenye jarida la The New Yorker mwaka 1978, ni sentensi moja tu ndefu, kurasa kama mbili, mama anampangia binti maisha bila kupumua: nguo nyeupe fua Jumatatu, za rangi Jumanne, samaki wa chumvi loweka usiku, kifungo kinashonwa hivi, mtu usiyempenda unamchekea hivi, na usiimbe benna, nyimbo za mtaani za kule, kwenye shule ya Jumapili. Binti anajibu mara mbili tu. Ukicheka na kukereka kwa pamoja, Annie John ni yako, na ukiimaliza nenda Lucy ya mwaka 1990, ambapo binti wa aina hiyohiyo sasa ni yaya Marekani, barua za mama anaziacha bila kufungua, na anaonyeshwa kwa mara ya kwanza yale maua ya njano aliyokaririshwa shairi lake shuleni bila kuwahi kuyaona, na anachotaka ni kuyafyeka yote.